Tangi la samaki lisilo na mfuniko: Samaki gani wanafaa nyumba yenye watoto?

Dar es Salaam. Ilikuwa Jumatano, saa 12:15 asubuhi, basi la shule likikaribia kupita. Msichana wa miaka tisa aliinama chini ya kochi kutafuta kiatu, akatoka na kitu kingine kabisa mkononi. Alikuwa ni samaki mdogo mwenye mistari, mkavu kama dagaa wa sokoni.

"Baba, huyu si wetu?" aliuliza.

Alikuwa wao. Alikuwa wa pili ndani ya siku tisa.

Familia hiyo inaishi Tabata, katika nyumba ya vyumba vitatu, baba, mama, bibi, msichana huyo na mdogo wake wa mwaka mmoja na miezi minane. Baba alinunua tangi la kioo kwa mtu aliyekuwa akihama, lenye urefu wa sentimita 60, upana wa 30 na kina cha 30. Halikuja na mfuniko, naye hakuutaka. Alikuwa ameona picha za matangi ya aina hiyo, wazi juu, mimea imejaa na majani mengine yametoka nje ya maji kama bustani ndogo, akatamani sebule yake iwe hivyo.

Mama alikuwa na maswali mawili. La kwanza lilihusu mbu. Mwaka 2019, jiji lilipokumbwa na mlipuko wa homa ya dengue, mdogo wake alilazwa kwa siku kadhaa, na tangu hapo hapendi kuona hata maji ya kwenye sahani ya chungu cha maua. La pili lilihusu yule wa mwisho, aliyekuwa ameanza kuvuta viti na kupanda kila mahali.

Maswali yote mawili ni ya msingi, na kwa kiasi kikubwa majibu yake yanaanzia kwenye aina ya samaki wanaowekwa ndani ya tangi. Wazazi wengi huchagua samaki kwa kufuata rangi anayoonyesha mtoto dukani. Kwa tangi lililo wazi juu, rangi ndiyo jambo la mwisho kabisa.

Wanaoruka

Siku ya kwanza baba alinunua samaki sita: danio watatu wenye mistari, goldifishi wawili na beta mmoja mwenye mapezi marefu mekundu. Muuzaji hakumuuliza tangi likoje. Aliporudi kulalamika, jibu lilikuwa fupi.

"Ungesema halina mfuniko, bosi. Hao wanaruka."

Samaki karibu wote wanaweza kuruka wakishtuka, lakini wapo ambao kuruka ndiyo maisha yao. Danio hukaa karibu na uso wa maji, ana mbio na hapendi kutulia. Anayeongoza ni samaki shoka, mwenye kifua kilichotokeza kama shoka, kutoka mito ya Amerika Kusini. Hutumia kifua hicho kujirusha nje ya maji akikimbia adui, na ndani ya tangi la wazi huishia sakafuni. Mkia upanga, anayepatikana sana katika maduka ya hapa, naye ni mrukaji hodari na hukua kufikia sentimita 10 au zaidi.

Beta ni suala la pekee. Ana kiungo maalumu kinachomwezesha kuvuta hewa ya juu ya maji, ndiyo maana huuzwa akiwa ndani ya kopo dogo. Wengi hudhani hilo maana yake hahitaji nafasi, jambo ambalo si kweli. Naye huruka, hasa maji yakichafuka au akiona kivuli cha dume mwenzake. Na madume wawili hawawekwi pamoja kamwe, watauana.

Wapo pia samaki wa kwetu. Katika madimbwi ya msimu ya Unguja anaishi samaki mdogo wa jamii ya killi aitwaye Nothobranchius guentheri, dume lake likiwa na mkia mwekundu unaong'aa. Dimbwi likikauka wakubwa hufa, lakini mayai hubaki kwenye tope yakisubiri mvua. Ni mmoja wa samaki wazuri zaidi Afrika Mashariki. Hata hivyo, jamii ya killi inajulikana kwa kuruka, hivyo mwenye tangi la wazi amwache huko aliko.

Wanaong'oa bustani

Goldifishi hawakuruka. Walichofanya ni kung'oa. Kila asubuhi mimea iliyopandwa kwa shida ilikuwa inaelea juu, mizizi hewani, na maji yamekuwa rangi ya chai ya rangi.

Goldifishi ni jamii ya karpi. Hutafuta chakula kwa kufukua chini na kuonja majani, hutoa uchafu mwingi, na yule mdogo wa sentimita nne anaweza kufikia sentimita 20 akitunzwa vizuri. Mahali pake ni bwawa la nje. Tangi la lita 54 halimtoshi, na bakuli la mviringo la kwenye katuni ndiyo kabisa.

Samaki wa Ziwa Nyasa wanaoitwa mbuna, wenye rangi ya njano na buluu, ni wazuri lakini wagomvi, na wengi wao hula majani au kuyafukua. Ziwa Tanganyika lina aina ndogo ya kuvutia, Neolamprologus multifasciatus, inayoishi ndani ya magamba matupu ya konokono na ni miongoni mwa jamii ndogo kabisa za sikilidi duniani. Mtoto anaweza kuwatazama siku nzima wakiingia na kutoka kwenye magamba yao. Lakini nao huchimba mchanga kutwa nzima, kwa hiyo wanastahili tangi lao lenye mchanga na magamba, bila bustani.

Kuna mwingine ambaye muuzaji atamsifia kwamba "anasafisha tangi". Ni yule mweusi mwenye mdomo wa kunyonya, anayegandia kwenye kioo. Dukani ana urefu wa kidole. Aina ya kawaida hukua kupita sentimita 30, yaani nusu ya tangi la familia hii ya Tabata, na uchafu wake ni mwingi kuliko anaousafisha.

Na mtoto akirudi na kopo la vifaranga vya perege kutoka mtaroni, apongezwe kwa ushupavu, kisha aambiwe ukweli. Perege ni wa bwawani na sufuriani. Mtaroni kuna mengine ambayo hayatakiwi kuingia sebuleni.

Maji ya bomba, maji ya kisima

Kabla ya kutaja wanaofaa, mzazi ajue maji aliyonayo. Jambo hili ndilo linaloua samaki wengi mijini, kuliko magonjwa.

Nyumba nyingi za Dar es Salaam hutumia maji ya kisima kirefu, ambayo sehemu nyingi yana chumvi kiasi cha kuonjeka kwenye chai. Wenye maji hayo wasihangaike na samaki wa Amazon, waliozoea maji laini yasiyo na madini mengi. Gapi, kwa upande mwingine, hustawi kwenye maji magumu na huvumilia chumvi kidogo.

Tangi la wazi huongeza ugumu wa jambo hili. Maji yanayopungua kwa kukauka huacha chumvi na madini yote nyuma. Mtu akiwa anaongeza tu maji ya kisima kila siku mbili, baada ya miezi michache ndani ya tangi kutakuwa na chumvi kuliko kisimani kwenyewe. Dawa yake ni kuondoa kiasi, kama robo ya maji kila wiki, na kuweka mapya. Maji ya mvua yaliyokingwa safi yanafaa sana kwa kujazia.

Joto nalo lina hesabu yake. Januari na Februari, maji ya tangi la Dar es Salaam yanaweza kupita nyuzi 30, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Hapa tangi la wazi lina faida, kwa sababu maji yanapokauka hupoza yanayobaki, na feni ikielekezwa juu yake yanaweza kushuka nyuzi mbili au tatu. Huko Njombe, Mbeya na Arusha tatizo ni kinyume. Usiku wa Juni na Julai maji hupoa mno kwa samaki wa joto, na kifaa cha kupasha maji hakikwepeki.

Wanaofaa

Kwa familia nyingi za Pwani jibu ni gapi, hata kama wapenzi wa samaki watakunja uso kwamba ni wa kawaida mno. Ni wa kawaida kwa sababu wanaishi. Dume hufikia kama sentimita tatu, jike hufikia tano au sita. Maji ya nyuzi 22 hadi 28 yanawafaa, hula karibu kila kitu, hawang'oi mimea, na huogelea sehemu ya juu na ya kati ambapo mtoto anawaona. Asili yao ni kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya karibu, na jina lao linatokana na Robert John Lechmere Guppy, aliyetuma sampuli zao Uingereza kutoka Trinidad mwaka 1866.

Gapi anaweza kuruka? Anaweza, hasa akifukuzwa au maji yakiwa mabaya. Lakini si tabia yake ya kila siku kama danio.

Tatizo lake kubwa ni uzazi. Gapi hazai mayai, huzaa watoto wanaoogelea papo hapo, kila baada ya wiki nne hivi, na jike akipandwa mara moja huweza kuhifadhi mbegu na kuzaa mara kadhaa bila dume. Anayenunua majike wawili na dume mmoja mwezi Machi atakuwa anagawa gapi kwa majirani ifikapo Agosti. Suluhisho ni kununua madume tu. Ndiyo wenye rangi, na kwa tangi la lita 54 lenye mimea, wanane wanatosha kuanzia.

Kwa wenye maji laini, wigo ni mpana. Kadinali tetra, mwenye mstari wa buluu na mwekundu, huvumilia joto kuliko ndugu yake neoni. Neoni hupenda maji ya ubaridi kidogo na angefaa zaidi Arusha kuliko Kariakoo. Emba tetra wa Brazil ana urefu wa sentimita mbili tu na rangi ya kaa la moto. Rasbora mwenye pembetatu nyeusi ubavuni ni mtulivu na mgumu kufa. Wote hao ni samaki wa kundi. Wakiwa wawili au watatu huishi kwa hofu, na samaki mwenye hofu ndiye anayeruka. Sita ndiyo idadi ya chini, kumi ni bora.

Kwa sakafu ya tangi kuna koridora wadogo, wanaofikia kama sentimita tatu na wanaotembea kikundi wakipekua mchanga bila kung'oa kitu. Hupanda juu mara moja moja kuvuta hewa kisha hurudi chini. Si rahisi kuwapata katika kila duka la hapa, na bei yao haifanani na ya gapi. Wakikosekana, tangi halipungukiwi kitu.

Pale dukani mzazi asimame dakika tano kabla ya kunyoosha kidole. Samaki mzima ana mapezi yaliyofunguka, tumbo halijaingia ndani, na anakuja mbele akiona mtu. Wenye vidoa vyeupe kama chembe za chumvi wana ugonjwa wa kuambukiza, na waliomo nao tangi moja hawanunuliwi hata kama wanaonekana wazima. Muuzaji anaweza kuombwa awape chakula. Asiyekula dukani hatakula nyumbani.

Kina cha maji na majani

Baba wa Tabata alibadilishana goldifishi na danio aliyebaki kwa gapi madume wanane. Beta alimpeleka kazini, ambako ana tangi lake lenye mfuniko. Kisha akafanya jambo ambalo halikumgharimu hata shilingi, alipunguza maji. Badala ya kujaza hadi ukingoni, uso wa maji sasa uko sentimita sita chini ya kioo. Samaki wa sentimita tatu anayeruka kidogo hugonga kioo na kurudi.

Mimea inayoelea ni kinga ya pili. Inapofunika kama theluthi ya uso wa maji, mwanga hupungua, samaki hutulia na mwenye kutaka kuruka hukosa uwazi. Isifunike tangi zima, kwani mimea ya chini nayo inahitaji mwanga na samaki wanahitaji hewa. Inayopunguzwa itupwe kwenye takataka kavu, isiishie mtaroni. Nchi hii imeshateswa vya kutosha na magugu maji.

Kwa anayeanza, anubiasi ni mmea wa kusamehe. Asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati, hufungwa kwenye jiwe au gogo kwa uzi, na hauzikwi kwenye mchanga. Taa nayo iwashwe na kuzimwa kwa saa zilezile kila siku. Taa inayowaka ghafla kwenye giza hushtua samaki, na mtoto anayegonga kioo huwashtua zaidi. Samaki wengi hupatikana sakafuni siku ya kwanza hadi ya tatu, wakiwa bado wageni, hivyo usiku huo wa kwanza ni vema kufunika tangi kwa kipande cha neti.

Na mbu je?

Mama alikuwa sahihi kuuliza. Mbu aina ya Aedes aegypti, anayeeneza dengue, huuma mchana na hupenda maji safi yaliyotulia ndani na karibu na nyumba. Kutoka yai hadi mbu kamili huweza kuchukua siku saba hadi kumi tu.

Ndani ya tangi lenye gapi, viluwiluwi vya mbu havifiki mbali. Ni lazima vipande juu kupumua, na hapo ndipo gapi alipo. Samaki huyo ametumika katika nchi nyingi za joto kula viluwiluwi kwenye matangi na visima. Majike hula zaidi kwa sababu ni wakubwa, lakini kwa tangi la sebuleni madume wanane wanaimudu kazi. Chujio linalotikisa uso wa maji husaidia pia, maana mbu huyu hapendi maji yanayochezacheza.

Lakini kuna ujanja ambao wengi hawaujui. Aedes hatagi juu ya maji. Hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya mstari wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi. Maji yakipanda na kuyafikia, yanaanguliwa. Tangi la wazi linalokauka na kujazwa kila siku chache linampa mbu huyo ukuta anaoutaka. Ndiyo maana kabla ya kujazia maji, kioo cha ndani kilicho juu ya mstari kisuguliwe kwa sponji angalau mara moja kwa wiki. Ni kazi ya dakika mbili, na mtoto wa miaka tisa anaiweza.

Mtoto akipata homa katika nyumba yoyote, yenye samaki au isiyo nayo, apelekwe kupimwa badala ya kudhaniwa ana malaria. Asipewe aspirini wala ibuprofen kabla ya dengue kuondolewa shaka, kwa sababu dawa hizo huongeza hatari ya kutoka damu. Parasetamoli kwa kipimo sahihi ndiyo hutumika kushusha homa.

Ndoo iliyokuwa pembeni

Hatari iliyotokea nyumbani humo haikutoka kwenye tangi.

Maji ya bomba yana klorini, ambayo huua samaki. Njia ya zamani ni kuyaacha wazi usiku kucha ili klorini itoke. Baba alikuwa anaacha ndoo ya lita 20, imejaa, pembeni ya meza ya tangi. Jumapili moja mchana bibi alitoka jikoni kuchukua simu, akamkuta mjukuu wake amesimama kwa ncha za vidole, kifua kwenye ukingo wa ndoo, mikono miwili ndani ya maji na uso ukiinamia. Alikuwa anatafuta samaki.

Bibi alimshika nguo. Hakuna kilichotokea zaidi ya nguo kulowa. Jioni hiyo, mama alipoambiwa, hakusema neno kwa muda mrefu.

Mtoto wa umri huo ana kichwa kizito ukilinganisha na ukubwa wa mwili wake. Akiinama ndani ya ndoo na kupoteza mhimili, hawezi kujinyanyua, na ndoo iliyojaa haianguki naye. Sentimita chache za maji zinatosha kuzama, kwa dakika chache, mara nyingi bila kelele yoyote. Wazazi huogopa kisima na bahari, na ni sawa, lakini ndoo ya maji ya akiba iko karibu kila nyumba.

Familia hiyo sasa hutumia matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki. Maji huchukuliwa bombani, hutiwa dawa na kumiminwa papo hapo, na ndoo hupinduliwa. Wasio na dawa hiyo wanaweza kuyaacha maji bafuni, ndoo imefungwa neti dhidi ya mbu na mlango umefungwa kwa komeo la juu.

Tangi lenyewe likijaa lina uzito wa zaidi ya kilo 60, ukihesabu maji, kioo na mchanga. Halikai juu ya meza ya televisheni inayotikisika wala kitambaa ambacho mtoto anaweza kukivuta. Baba alijenga kibanda cha matofali cha urefu wa mita moja, akakiegemeza kwenye kona, na viti vyote vikahamia upande wa pili wa sebule. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano hakuna kibanda kinachochukua nafasi ya macho ya mtu mzima, na kama nyumba haina mtu wa kuangalia, mfuniko ni lazima, uzuri usubiri.

Waya wa pampu na taa ushuke chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone linaloteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Kila mkono unapoingia majini, plagi zote ziwe nje.

Mikono na kidonda

Maji ya tangi yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela, wanaosababisha kuhara, na wengine wa jamii ya kifua kikuu waitwao Mycobacterium marinum, wanaoingia kupitia mchubuko. Hao wa pili husababisha uvimbe au kidonda kigumu kwenye kidole au mkono, kinachokaa wiki nyingi bila kupona. Si ugonjwa wa mara kwa mara, lakini mtu mwenye kidonda cha namna hiyo amweleze daktari kwamba anafuga samaki, kwa kuwa bila taarifa hiyo si rahisi kuufikiria.

Mwenye mkwaruzo avae glavu au asubiri upone. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kugusa maji, chujio au chakula cha samaki. Mpira wa kutolea maji usivutwe kwa mdomo kama mafundi wanavyovuta petroli. Na vifaa vya tangi visioshewe kwenye sinki la vyombo.

Wiki sita za kusubiri

Kosa la mwisho la baba ndilo la karibu kila anayeanza. Alijaza maji asubuhi, akaweka samaki jioni.

Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Bakteria wanaoibadilisha kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo kali, hujijenga taratibu ndani ya chujio na kwenye mchanga, kwa wiki nne hadi sita. Mimea inayokua vizuri hunyonya sehemu ya amonia, ndiyo maana tangi lenye bustani husamehe makosa kuliko tangi tupu. Hata hivyo, samaki waingie wachache kwanza, wanne, na wengine baada ya wiki mbili tatu. Chujio lisioshwe kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria hao. Lisuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Umeme ukikatika kwa saa nyingi, lisuuzwe hivyohivyo kabla ya kuwashwa tena.

Kulisha ni mara moja kwa siku, kiasi kinachomalizika ndani ya dakika mbili. Kopo la chakula likae juu ya kabati. Mtoto mdogo akilipata atalimwaga lote kwa upendo, na kufikia kesho yake maji yatakuwa yamechacha.

Atakayechoka kufuga arudishe samaki dukani au awape mtu mwingine. Gapi akimwagwa mtoni huzaliana na kuwasumbua samaki wa asili, wakiwamo wale wa kwenye madimbwi yetu ambao hawapatikani kwingine duniani.

Huko Tabata sasa ni mwezi wa nne. Majani mawili ya anubiasi yametoka nje ya maji. Mama hajawahi kukiri kwamba analipenda tangi, ila ndiye anayesugua kioo siku za Jumamosi mwanaye akiwa na mtihani. Msichana huyo bado ana tabia moja: akiamka, kabla ya kutazama tangi, hupiga magoti na kumulika chini ya kochi kwa tochi ya simu ya baba yake.

Wiki iliyopita alihesabu saba. Akamulika chini ya kochi, nyuma ya pazia, chini ya friji. Wa nane alikuwa nyuma ya jani, anadonoa ukijani kwenye kioo.